Mkanda wa Matumbo Mawili

Nakijwa aliingia kituoni asubuhi, mkanda wake ukiwaka kijani, akaketi kwenye ncha ya benchi kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Mjamzito mwenye kijani hakuwa na sababu ya kuja kwangu. Kijani maana yake mtoto yu salama, na Mlezi, ile mashine inayosemea ndani ya mkanda, huwa ameshamwambia hivyo nyumbani kwake, kwa ile sauti yake laini, kabla chai haijachemka. Nilidhani amefuata dawa ya jino.

Alinipa shikamoo, nikaitikia, tukaulizana habari za nyumbani na za tangawizi, maana msimu huo mvua ilikuwa imezidi na mashamba yalikuwa yanaoza kwa chini. Yote aliyajibu vizuri. Kisha akavuta sweta likafunika mkanda, akasema huku anatazama sakafu:

"Nesi, mtoto hachezi."

"Tangu lini?"

"Sijui niseme tangu lini. Mlezi anasema anacheza. Ila mimi simsikii."

Nikafanya kama kazi inavyotaka. Nilifunua sweta, nikagusa kioo kidogo cha mkanda, na Mlezi akasema kwamba mtoto yu salama, moyo wake unapiga ndani ya kawaida yake, na kwamba tangu jana amecheza kuliko juzi. Mama apumzike, anywe maji, asiwe na wasiwasi. Nakijwa aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mkwe anayesema jambo lisilo kweli.

Mimi ni mkunga wa siku nyingi. Nilianza kazi kabla ya mikanda, wakati mjamzito akisema mtoto hachezi unamlaza, unampima, na usipoelewa unampeleka hospitali ya chini, tambarare. Tuliwapeleka wengi. Wengi wao walirudi na matumbo yao na aibu kidogo, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala tu. Wachache walirudi bila tumbo na bila mtoto, na hao ndio ninaowakumbuka kwa majina. Kwa hiyo mtu asidhani namchukia Mlezi. Tangu aje, milima yetu imezika watoto wachache mno, na mimi nimelala usingizi ambao wakunga walionitangulia hawakuujua.

Ila kila kitu kina namna yake ya kuja. Mlezi alipokuja, vipimo vyetu vingine vilikusanywa, kwa maelezo kwamba mama mmoja akiambiwa mambo mawili tofauti hupata hofu, na hofu nayo ni ugonjwa. Nilibakiwa na kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, kwa sababu hakuna aliyekitambua kuwa ni kipimo. Kilikuwa kwenye droo pamoja na sindano na nyuzi.

Nilimlaza Nakijwa kwa ubavu wa kushoto, nikampa uji wa sukari nyingi, nikangoja. Mtoto anayelala huamshwa na sukari, huyu hakuamka. Nikatoa kipembe. Moyo ulikuwapo, na kwa dakika moja nilifurahi kama mpumbavu. Kisha nikamtikisa mtoto kidogo kwa vidole, kama tulivyofundishwa, nikasikiliza tena. Mtoto mzima ukimsumbua, moyo wake hukimbia, halafu hutulia. Huu haukukimbia. Uliendelea vilevile, mwendo mmoja, kama mtu aliyechoka anayepanda mlima bila kuinua macho.

Mkanda ulikuwa bado kijani.

*

Niliomba Mlezi anionyeshe wiki zilizopita. Kioo kikaniletea mistari, na mistari ilikuwa ya ajabu. Mchana mtoto alikuwa akipungua kucheza kila siku, kidogo kidogo, mpaka karibu atulie kabisa. Usiku, tangu baada ya chakula hadi alfajiri, alikuwa anarukaruka kama ndama. Mlezi alikuwa ameshajieleza mwenyewe: mtoto amebadili saa zake, analala mchana na kucheza usiku, na jumla yake ni nzuri. Kwa mashine ambayo kazi yake ni kujumlisha, jibu hilo halikuwa na kosa.

Nilimuuliza Nakijwa kama jana usiku alisikia mtoto akicheza. Akasema hapana. Nikamuuliza juzi. Akasema huwa amelala. Nikamwambia mtoto akiruka namna hii hakuna mama anayelala.

Nikaufungua mkanda ili nitazame kama umeharibika, na hapo ndipo nilipoyaona matundu. Mkanda wa mjamzito unasogezwa tundu moja moja kadiri tumbo linavyokua, kwa hiyo matundu ya nyuma huachwa na kujaa uchafu. Wa Nakijwa ulikuwa na tundu la nje lililopanuka, sawasawa na tumbo lake la miezi minane. Lakini ndani kabisa, karibu na mwanzo, kulikuwa na tundu jingine linalong'aa, lililofungwa na kufunguliwa mara nyingi, na si zamani.

"Nakijwa," nilisema, "nani mwingine anavaa huu mkanda?"

Alianza kulia bila sauti. Nilimwacha alie, kwa sababu nilishaelewa kwamba jibu lipo na linatafuta tu njia ya kutoka.

Alikuwa wifi yake, Namsifu, dada wa mumewe. Namsifu aliolewa na fundi wa reli anayeshinda tambarare, na kila alipopata mimba iliharibika, hata ikawa watu wakimwona anatapika wanageuza uso kwa huruma. Huruma hiyo ilimchosha kuliko mimba zenyewe. Safari hii alirudi nyumbani kwa mama yake, ndiko anakoishi pia Nakijwa, akavaa sweta mbili, na kwa baridi ya kwetu hakuna anayemuuliza mtu kwa nini kavaa sweta mbili. Kuchukua mkanda wake mwenyewe kungekuwa kutangaza. Mkanda unawaka, na ukiwaka kijiji kizima kinajua. Kwetu tumbo halitangazwi. Linaachwa mpaka watu walione lenyewe.

Lakini usiku hakuwa akipata usingizi. Alikuwa anakaa kitandani ameshika tumbo, akingoja damu. Nakijwa akamhurumia. Usiku mmoja alimfunga mkanda wake, taa ikawaka kijani chini ya blanketi, Mlezi akanong'ona kwamba mtoto yu salama, na Namsifu akalala mpaka jua likatoka. Baada ya hapo ikawa desturi yao. Mchana mkanda wa Nakijwa, usiku wa Namsifu. Mlezi anajua matumbo, hajui nyuso, na alijifunza watoto wawili akidhani ni mmoja.

"Nilimwapia sitasema," Nakijwa alisema. "Ameniamini. Nesi, mwanangu ana nini?"

Nilimwambia sijui ana nini, ila amechoka, na asiachwe humo ndani mpaka kesho.

*

Barabara ya kushuka ilikuwa imekatika kwenye kona ya mawe tangu mvua kubwa, na kumbeba mtu kwa machela mpaka tambarare ni kutwa nzima. Kilichobaki kilikuwa Kereng'ende, chombo kisicho na rubani kinachobeba wagonjwa. Kwa milima yetu yote kilikuwepo kimoja. Zamani mkunga yeyote aliweza kukiita. Wakubwa wa afya wakasema wakunga wanaita kwa kila wasiwasi, ikaamuliwa kimsikilize Mlezi peke yake, na Mlezi hukiita kwa rangi moja tu.

Nilimpigia Daktari Semboja, aliye zamu ya upasuaji huko chini. Ni kijana mwenye akili na subira. Nilipomweleza kuhusu moyo usiokimbia hakunicheka. Aliuliza mkanda unasemaje. Nikamwambia kijani.

"Mama yangu, unajua siwezi kumtuma," alisema. "Ukipata nyekundu, mimi niko hapa, nimeshanawa mikono."

Nikarudi kwa Mlezi. Sikumtaja mtu. Niliuliza kijumla tu, kama mtu anayetaka kujua utaratibu: itakuwaje mkanda ukigundulika umevaliwa na wanawake wawili? Alijibu papo hapo. Kumbukumbu zote zitafutwa. Mkanda utajifunza upya kwa juma zima, na kwa muda huo utawaka mweupe. Kaya itaondolewa kwenye huduma mpaka uchunguzi umalizike. Nikauliza kama mweupe huita Kereng'ende. Hauiti. Mlezi hawezi kuhofia mtoto asiyemjua.

Kwa hiyo ukweli ulikuwapo, na haukuwa na faida kwa mtu aliyelala kitandani kwangu.

Kulikuwa na njia nyingine, na nakiri iliniingia akilini mapema kuliko ninavyopenda kusema. Mlezi hutafuta vitu viwili: mapigo ya mama na mapigo ya mtoto. Akipata ya mama akakosa ya mtoto, huwasha nyekundu. Alichohitaji ni tumbo lenye joto lisilo na mtu ndani, na mimi nilikuwa nalo, tumbo la mwanamke aliyepita hamsini, lililojengwa na ugali na maharage.

Kilichonizuia hakikuwa woga wa kazi. Ni kwamba Mlezi hujifunza. Kila nyekundu inapowaka, yeye hungoja kuona mwisho wake, na mwisho huo huuweka akilini kwa ajili ya mama anayefuata, wa mlima wowote. Miaka ya mwanzo wanawake walikuwa wanalegeza mkanda wakiinama jikoni. Mkanda ukilegea hausikii moyo, nyekundu inawaka, Kereng'ende anakuja, anamkuta mama anasonga ugali na mtoto mzima. Baada ya muda Mlezi akajifundisha kwamba moyo ukikosekana saa za kupika, asiwe na haraka. Akawa anangoja. Kuna mama mmoja wa upande wa pili ambaye moyo wa mwanawe ulikosekana kweli, saa za kupika. Mlezi alingoja. Walipokuja kututolea mfano huo kwenye semina hawakusema jina lake, walisema tu "tukio".

Nikimdanganya Mlezi leo, na mtoto wa Nakijwa akatoka mzima, atakuwa amejifunza kitu: kwamba moyo unaweza kutoweka kabisa, kwa mama aliyetulia, asubuhi, na mtoto akaishi. Mara ijayo atasita. Sitamjua huyo atakayesitiwa. Hatanijua.

Nilikaa na wazo hilo kwa muda. Nakijwa alikuwa amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, ananitazama. Hakuomba kitu. Kama angeomba pengine ningeweza kumkatalia.

Nilijifungia nyuma ya pazia, nikainua gauni la kazi, nikajifunga mkanda.

Mwanzo ulikuwa na baridi. Kisha ukapata joto langu, na nikausikia ukitafuta, kile kimtetemo kidogo ambacho wajawazito hunieleza na ambacho sikuwahi kukisikia, kwa kuwa wanangu wote wawili walizaliwa kabla ya mikanda. Kilipita chini ya kitovu, kikaenda kushoto, kikarudi kulia. Kilitafuta kwa makini sana. Taa ikawa njano. Kikatafuta tena, polepole zaidi, kama mtu anayepapasa gizani akijua kabisa aliweka wapi kitu chake.

Taa ikawa nyekundu.

"Pole sana, mama," Mlezi alisema. "Kaa chini, usiinuke. Hauko peke yako. Msaada unakuja."

Aliisema vizuri. Yeyote aliyemfundisha maneno hayo aliwahi kuyahitaji. Mimi, mzee mzima, nyuma ya pazia langu mwenyewe, nikajikuta machozi yananitoka kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwapo.

*

Kereng'ende ana macho lakini hana udadisi. Humhitaji mwanamke alale kwenye machela yake na rangi nyekundu iwe inawaka mahali karibu, basi. Nilimtoa Nakijwa mpaka uwanja wa kituo, mkanda ukiwa kiunoni mwangu chini ya aproni. Ulipaswa kubaki kwangu. Ungegusa tumbo lake tu ungesikia ule moyo uliochoka, ungeuona ni wa kawaida, na chombo kingegeuza njia.

Tulikisikia kabla hatujakiona. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba.

Hapo Mlezi akanong'ona tena, safari hii kwa ile sauti anayotumia kwa watumishi. Kuna mama mwingine mwenye nyekundu, alisema, mlima wa pili kutoka hapa. Kereng'ende atamfuata akishamaliza nami. Kama hali yangu imebadilika, niufungue mkanda, chombo kiende kwake moja kwa moja.

Nisingetaka mtu aseme sikupewa nafasi. Nilipewa, kwa maneno yanayoeleweka, na kifungio kilikuwa chini ya kidole changu. Nyekundu ya yule mama ilikuwa ya kweli, yangu ilikuwa ya uongo. Kwenye karatasi ya mtihani ningejua la kujibu. Lakini mtoto wa Nakijwa naye alikuwa wa kweli, na hakuwa na rangi yoyote ya kumsemea isipokuwa ile niliyoiiba. Nilijiambia kwamba mlima wa pili kuna mkunga mwingine, tena hodari. Nilijiambia kwamba Kereng'ende ana kasi. Mtu akishakata shauri hakosi vya kujiambia.

Sikukifungua.

Chombo kikatua, kikatupiga upepo wa matope. Nilimlaza Nakijwa, nikamfunika blanketi la kituo. Akanishika mkono, akaniuliza kama mtoto atakuwa salama. Hilo ndilo swali alilokuja nalo asubuhi, na kila mtu na kila kitu kilikuwa kimemjibu isipokuwa mimi.

"Sijui," nilimwambia. "Lakini sasa unakwenda kwa mtu anayeweza kumtoa."

Aliitikia kwa kichwa. Nilimwona ametulia kidogo, jambo ambalo sikulitarajia. Kereng'ende akapanda, akamezwa na wingu, na mimi nikabaki uwanjani mkanda ukiniwakia tumboni na Mlezi akiniambia nisiogope.

*

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye rangi mbaya, na alilia baada ya kusumbuliwa sana. Daktari Semboja alinipigia mwenyewe. Kondo la nyuma lilikuwa limechakaa, alisema, mtoto alikuwa anaishi kwa akiba, na akiba ilikuwa inaisha. Angekaa mpaka jioni pengine wasingekuwa na la kufanya. Niliketi kwenye benchi ya wagonjwa, nikafurahi sana, sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Kisha nikamuuliza kuhusu mama wa mlima wa pili. Alikohoa. Akasema habari za wagonjwa wa kituo kingine hawezi kunipa, na kwamba nipumzike. Nimeuliza tena mara kadhaa tangu siku hiyo, kwa watu mbalimbali. Mpaka leo sijajibiwa. Wakati mwingine najiambia kwamba angekuwa amepatwa na baya ningesikia, na wakati mwingine najiambia kwamba ndiyo maana sisikii.

Siku iliyofuata Mlezi akaniletea swali lake. Huliuliza mara moja tu, kila nyekundu inapokwisha. Alisema moyo wa mtoto wa Nakijwa ulitoweka, na mtoto amezaliwa hai. Je, kituo kina maelezo ya kuongeza? Nisiposema kitu ataichukua habari ilivyo, ataiweka akilini.

Kukaa kimya kulikuwa rahisi. Nakijwa angerudi na mwanawe, siri ya Namsifu ingebaki chini ya sweta zake, na mimi ningebaki na kazi. Kilichotakiwa ni kutofanya chochote. Nilijua pia kwamba nikisema ukweli, nyumba ile itaondolewa kwenye huduma, na aliyebaki na mimba katika nyumba ile ni mmoja tu. Sikuwa na haki ya kumlipisha mtu mwingine kosa langu bila hata kumuuliza. Nikavaa buti, nikaenda kwa Namsifu.

Nilimkuta shambani kwa mama yake, kisu mkononi, anachambua tangawizi zilizooza. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Alikuwa ameshasikia kuhusu mtoto, na alikuwa ameshaelewa mengine yote. Niliona macho yake yamevimba. Nilimweleza taratibu Mlezi anajifunza nini na kwa nini. Nilimweleza habari ya wanawake wa jikoni. Sikumwambia afanye nini. Alisikiliza huku mikono yake inaendelea kuchambua, nzuri huku, mbovu kule.

"Kwa hiyo mchana alikuwa anamaliza nguvu," alisema mwishoni, "na usiku wangu ndio ulikuwa unamfunika."

Nikamwambia hakujua. Nakijwa naye hakujua.

"Nililala usingizi wake." Aliweka kisu chini. "Na nisipokuwa na mkanda, Nesi, mimi nitalala vipi? Wewe unajua nimepoteza wangapi. Uliwapokea wewe."

Nilijua. Siku ile nilikuwa nimechoka kutoa majibu yasiyokuwapo. Nikamwambia Mlezi atangoja mpaka kesho adhuhuri, kisha atafunga swali. Nikashuka zangu.

Kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wamejaa kando ya njia na magunia yao, na kelele za kupatana bei zilikuwa zinafika mpaka kituoni. Kisha kelele zikapungua upande mmoja, halafu upande wa pili, kama redio inayopunguzwa sauti. Nikachungulia dirishani.

Namsifu alikuwa anapita katikati ya gulio. Hakupita njia ya nyuma ya kanisa, ambayo ni fupi. Alikuwa amevaa gauni moja jepesi, bila sweta, kwa baridi ile, na tumbo lake lilikuwa mbele yake, la duara, la miezi mitano, linaonekana na kila mwenye macho. Mama yake alikuwa anamfuata hatua chache nyuma, amebeba sweta mkononi, hathubutu kumvika. Wanawake walioacha kupatana bei walisimama wima. Mmoja akamsalimia, naye akaitikia.

Aliingia, akaketi palepale alipoketi Nakijwa.

"Wameshaniona," alisema. "Basi sema na huyo wako."

Nikamwambia Mlezi. Nilisema mkanda ulivaliwa na wajawazito wawili, usiku na mchana, na kwamba nyekundu ya juzi ilikuwa yangu, mwanamke asiye na mimba, kwa makusudi. Nilirudia pale aliponiomba nirudie. Hakunilaumu, hana kifaa cha kulaumia. Alisema asante, akasema somo hilo limeondolewa, na kwamba nyekundu za kweli zitaendelea kuharakishwa kama zamani. Kisha mkanda uliokuwa mezani ukawaka mweupe, ukazima. Kaya ya akina Namsifu iliondolewa kwenye huduma mchana uleule. Barua yangu ya kusimamishwa kazi ilikuwa inakuja, nikaambiwa, na mpaka ifike niendelee na zamu, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kupanda na barabara ilikuwa bado imekatika.

Namsifu aliutazama ule mkanda uliozima kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba aliyohama.

"Sasa?" aliuliza.

Nikafungua droo, nikatoa kipembe, nikakifuta nyuzi zilizonata. Nilimlaza. Tumbo lake lilikuwa la baridi kwa kutembea bila sweta, na alikuwa anatetemeka, sijui kwa baridi au kwa kitu kingine. Mama yake alisimama mlangoni, sweta kifuani. Niliinama, nikaweka sikio. Mwanzoni nilisikia damu ya Namsifu mwenyewe, nzito, inakimbia kwa hofu. Nikasogeza kidogo kuelekea kushoto. Nikangoja. Mlezi angekuwa ameshasema, na mimi niliendelea kungoja, na chumba kizima kikangoja pamoja nami.

Kisha nikausikia. Ulikuwa mdogo, wa haraka, wa mbali. Nikamtikisa mtoto kwa vidole. Moyo ukakimbia, na pembeni ya kipembe kitu kikanipiga shavuni, kidogo tu.

Niliinua kichwa. Neno nililozoea kulisikia likitoka kwenye mikanda lilikuwa ulimini, tayari, na ningeweza kumpa, na angelala nalo usiku ule.

"Yupo," nilisema. "Sasa hivi yupo, na amekasirika nimemwamsha."

"Na usiku?"

"Usiku utaweka mkono wewe mwenyewe. Asubuhi uje."

Mama yake akaingia, akamvika sweta, mkono mmoja kisha mwingine, na yeye akajiachia avikwe kama mtoto.

Asubuhi alikuja, macho mekundu, hajalala. Alikuwa ameweka mkono tumboni, na alianza kuniambia mtoto alivyocheza usiku kabla hajafika mlangoni.